Bonge la mchanga kwenye mizani ya jikoni

Sisimizi ndio waliotangulia kutuletea habari. Walijipanga mstari kutoka ukutani hadi kwenye karai la paka wetu, wakazunguka pale pale alipokojoa. Wazee walimtambua mgonjwa wa kisukari kwa dalili hiyo hiyo. Daktari wa mifugo alipima damu, akathibitisha, akatuandikia insulini asubuhi na jioni. Tuweke nini karaini, hakusema, nasi hatukuuliza.

Mtaani kwetu jibu ni moja: maranda ya kwa fundi seremala, au mchanga wa ujenzi, unamwaga wote kila siku na kuweka mwingine. Mchanga wa dukani, ule wa udongo wa bentonaiti unaoshika bonge ukilowa, ni wa watu wenye pesa za kuchezea. Jirani yangu aliliona furushi langu akasema, "Mwenzetu unanunua udongo? Huu tunaoukanyaga umekukosea nini?"

Hoja yake ina uzito. Paka mwenye kisukari anakunywa maji kama ametoka safari, na anakojoa vivyo hivyo, kwa hiyo furushi linakwisha upesi. Mchanga wa bonge una vumbi. Tena kisukari kikimharibu mishipa ya fahamu ya miguu ya nyuma, paka hutembea kwa visigino, na kwa paka wa namna hiyo udongo mbichi unaganda kwenye manyoya kama saruji. Maranda hayana adha hiyo. (Pumba za mahindi sizipendekezi. Paka wa kisukari ana njaa isiyoisha, atazila, na zina wanga.)

Lakini wanaosema hivyo wanalitazama karai kama choo tu. Kwa paka huyu karai ni kipimo.

Figo za paka huizuia sukari isitoke na mkojo mpaka ile ya kwenye damu ifike kama milimoli 14 hadi 16 kwa lita. Ikipita hapo humwagika, na inapotoka huvuta maji. Ndiyo maana wingi wa mkojo wa siku nzima unakueleza jambo ambalo tone moja la damu haliwezi: sukari imekaa juu kwa muda gani tangu jana. Na tone lenyewe likichukuliwa kliniki lina walakini, kwa sababu paka akiogopa sukari hupanda kwa hofu tu. Karaini haogopi mtu. Maranda yanaunywa mkojo wote, na ukiyamwaga asubuhi umemwaga na habari. Bonge linakusubiri.

Kila asubuhi nayachota mabonge, nayatia kwenye mfuko, nayapima kwa mizani ya jikoni na kuandika kwenye kalenda ukutani. Mke wangu alidai mizani mpya ya unga, na alikuwa na haki. Najua uzito ule ni mkojo na mchanga pamoja. Madaktari huhesabu kwamba paka anayepitisha zaidi ya mililita 50 za mkojo kwa kila kilo ya mwili kwa siku amevuka mpaka. Wetu ana kilo 5, kwa hiyo mpaka wake ni mililita 250, robo lita. Siifukuzii namba hiyo. Nalinganisha leo na juma lililopita, kwa mchanga ule ule na karai lile lile, basi.

Mabonge yakiongezeka uzito, kila mtu anaelewa kuna tatizo. Mimi huogopa zaidi yanapopungua. Kwa paka, kisukari kinaweza kurudi nyuma: akiwahiwa kwa insulini na chakula chenye wanga kidogo, kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini, huweza kuamka ndani ya miezi michache ya mwanzo na sindano zisihitajike tena. Furaha hiyo ina mtego. Mwenye paka hajui, anaendelea kuchoma dozi ile ile, sukari inaporomoka, paka anayumba, anapata degedege, anaweza kufa. Wiki ya saba mabonge yetu yalishuka siku tatu mfululizo. Nikamtoboa sikio kupima damu kabla ya sindano ya jioni: milimoli 4.8, kama ya paka asiye mgonjwa. Sikuchoma, nikampigia daktari. Bonge halikuamua dozi, wala lisipewe kazi hiyo. Lilinifanya nichukue mashine ya kupima sukari siku ambayo ningechukua sindano. Na kama paka ni dume, anaingia karaini mara kwa mara bila kuacha bonge, usikae kupima chochote. Huenda njia ya mkojo imeziba, mpeleke sasa hivi.

Mahali ambapo bonge linashindwa kabisa ni kwenye ketoni, zile kemikali ambazo mwili huzitoa unapochoma mafuta badala ya sukari, na zikijaa huweza kuua. Kijiti cha kupimia mkojo hukichovyi kwenye udongo. Kinataka mkojo wenyewe, uliotulia chini ya shanga za plastiki zisizonyonya maji. Na kuna paka ambao kwao kijiti ndicho kila kitu. Desemba 2022 Marekani iliidhinisha bexagliflozin, kidonge cha paka kinachoshusha sukari ya damu kwa kuitoa kwenye mkojo. Anayekitumia atakojoa sukari hata akiwa anaendelea vizuri, kwa hiyo bonge kubwa kwake halithibitishi kitu. Isitoshe, ketoni zinaweza kumjaa wakati sukari ya damu inasoma kawaida. Mwenye paka huyo simshauri mizani yangu.

Wetu yuko kwenye uangalizi sasa, bila sindano. Jumamosi namwekea shanga za plastiki nipime ketoni. Hazipendi; jumamosi mbili zilizopita alikwenda kukojoa kwenye ndoo ya maranda ambayo jirani aliniletea kama zawadi.