Anayesoma Mabadiliko ya Mazingira ya Dunia Asikwepe Hesabu

Vijana wanaotaka kusomea shahada ya sayansi ya mabadiliko ya mazingira ya dunia huja na moyo wa kweli. Wameona ukame, wameona mafuriko, wanataka kufanya jambo. Halafu huja swali linaloniumiza: "Kuna hesabu nyingi?" Zipo, na laiti zingekuwa nyingi zaidi. Chuo kinachomwachia mwanafunzi amalize shahada hii bila takwimu na kemia ya kutosha kinamdhulumu. Anatoka na uchungu wa mazingira, lakini akibanwa hana la kujibu.

Na kubanwa atabanwa. Ataulizwa: mnajuaje kwamba hewa ya ukaa iliyoongezeka angani imetoka kwenye makaa ya mawe na mafuta, na si kwenye volkano au baharini? Nimewasikia wahitimu wakijibu kwamba wanasayansi wamekubaliana. Ni kweli wamekubaliana, ila aliyeuliza alitaka kujua wamekubaliana kwa sababu gani.

Sababu zenyewe zinasisimua. Kaboni asilia ina aina tatu za atomi zinazotofautiana uzito. Ile nzito kuliko zote, kaboni 14, ni nururishi, yaani huvunjika yenyewe polepole, na kila baada ya miaka 5,730 hivi hubaki nusu yake. Makaa ya mawe yamelala ardhini mamilioni ya miaka, kwa hiyo hayana tena kaboni 14. Mimea nayo, inapojitengenezea chakula, huchukua kaboni 12 kwa wepesi kuliko kaboni 13, na kwa kuwa makaa na mafuta yametokana na viumbe vya kale, yamerithi upungufu huo. Hewa ya leo ikipimwa, uwiano wa kaboni 13 unaonekana kushuka mwaka hadi mwaka. Volkano haziwezi kuushusha hivyo. Tena oksijeni angani inapungua kidogo kidogo, kama inavyotarajiwa kitu kinapochomwa, na maji ya bahari yanazidi kuwa na asidi, maana yake bahari inapokea hewa ya ukaa kuliko inavyoitoa. Ushahidi wa aina nne, kila mmoja umepimwa kwa njia yake, na wote unaelekeza mahali pamoja. Mwanafunzi aliyewahi kuzipiga hesabu hizo mwenyewe hatetereki.

Ndiyo maana ningetaka kila anayeanza mwaka wa kwanza achore kwa mkono, kwa penseli, vipimo vya hewa ya ukaa kutoka mlima Mauna Loa kule Hawaii. Mwanasayansi Charles David Keeling alianza kupima hapo mwaka 1958, hewa ya ukaa ikiwa karibu sehemu 315 kwa kila milioni. Sasa imepita 420. Anayechora ataona mstari haupandi moja kwa moja: kila mwaka hufika kileleni mwezi Mei, kisha hushuka kwa miezi kadhaa mimea ya kaskazini mwa dunia inapochipua na kuivuta hewa hiyo, halafu hupanda tena. Pumzi ya misitu inaonekana kwenye karatasi! Ataona pia pengo la mwaka 1964, fedha zilipokatwa na upimaji ukasimama kwa miezi michache. Pengo hilo halizibiki tena, kwa sababu hewa ya miezi ile imeshapita. Anayegawa bajeti za utafiti alitazame kabla hajatia saini.

Barafu ya Antaktika inafundisha subira ya namna nyingine. Viputo vilivyonaswa humo vimetupa historia ya hewa ya miaka 800,000, na katika muda wote huo hewa ya ukaa haikupita sana sehemu 300 kwa milioni. Lakini hewa iliyo ndani ya kiputo ina umri mdogo kuliko barafu inayoizunguka, kwa kuwa theluji hubaki na matundu kwa muda mrefu kabla haijashikana na kuyafunga. Asiyejua hilo atakosea tarehe kwa mamia au hata maelfu ya miaka.

Wapo wanaosema tatizo hili ni la watu na siasa, tusiwachoshe vijana kwa kemia. Siasa ina nafasi yake, na ningependa kozi hizi ziwe na uchumi na sheria pia. Lakini itazame ozoni, gesi ya juu angani inayotukinga na miale hatari ya jua. Kituo cha Halley huko Antaktika kilikuwa kimeipima tangu miaka ya 1950, tena kwa aina ileile ya chombo. Wanasayansi watatu wa Uingereza walipotangaza mwaka 1985 kwamba kila majira ya kuchipua inapungua vibaya, walikuwa na miaka mingi ya kulinganisha. Miaka miwili baadaye Mkataba wa Montreal wa kuilinda ozoni ukatiwa saini. Mabalozi walifanya kazi kubwa, nao walikaa mezani na namba ambazo hazikuyumba.

Kwa hiyo unayechagua chuo, usiishie kwenye jina la shahada na picha za misitu. Omba orodha ya masomo, mwaka kwa mwaka. Tafuta takwimu tangu mwanzo, kemia ya hewa na maji, na kazi za nje ambako mwanafunzi anachukua sampuli mwenyewe, anazipima mwenyewe, na anatakiwa kueleza kipimo chake kinaweza kukosea kwa kiasi gani.