Kwao wanamsitiri mhitaji, kwetu wanampiga picha

Video hiyo ililetwa kwenye kundi la WhatsApp la kijiji chetu baada ya Idi Kubwa, na tangu nimeiona sijatulia. Watoto wa madrasa wamepangwa mistari chini ya mwembe, wamevishwa fulana nyeupe zenye bendera ya Uturuki, kila mmoja kakumbatia mfuko wa nyama. Mtu mzima amesimama mbele yao anawahesabia kwa vidole, nao wanapaza sauti: "Teşekkürler Türkiye!", yaani asante Uturuki. Wanakosea, wanarudishwa mwanzo. Wanakosea tena. Wakipatia, mwenye kamera anamsogelea msichana mmoja wa mstari wa mbele mpaka uso wake unajaa kwenye kioo cha simu. Mtoto anaangalia chini. Sauti ya pembeni inamwambia acheke.

Yule mtoto namjua. Baba yake ni mvuvi, na kila Ramadhani nyumba yao haikosi kumpelekea bibi yangu bakuli la futari. Hawajawahi kuomba kwa mtu. Mwaka huu bahari imekuwa ngumu, nyama ilipokuja wakapokea, kama ambavyo yeyote angepokea. Lakini maneno ya Kituruki yaliyobandikwa chini ya video yanasema hao ni mayatima wa Afrika. Siku ile baba yake alikuwa baharini, anavua.

Taasisi yenyewe siitaji. Wako wengi wanaofanya hivyo, na nikitaja mmoja wengine watapumua.

Naishi Istanbul, upande wa Üsküdar, na ndiyo maana jambo hili limenichoma zaidi ya lilivyowachoma wenzangu kundini. Watu wengi nyumbani wanaijua Uturuki ya tamthilia zilizotiwa sauti za Kiswahili, yenye majumba ya kifahari kando ya Bosphorus na mama mkwe asiyelala usingizi kwa fitina. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaijua ile ya Laleli na Merter, mitaa ya nguo za jumla hapa Istanbul, ya marobota ya nguo na kupatana bei kwa kikokotoo. Mimi nimeijua ya mtaani, na katika yote niliyoyaona huku, ninaloliheshimu kuliko mengine ni jinsi Mturuki wa kawaida anavyojua kumpa mtu bila kumvunjia heshima.

Duka la mikate la mtaani kwetu lina kikapu kimetundikwa ukutani, na karatasi imeandikwa "Askıda ekmek vardır", yaani upo mkate uliotundikwa. Mtu ananunua mikate miwili, anachukua mmoja, wa pili anasema tu uwekwe askıda, anaondoka zake. Hakuna anayeandika jina lake. Asiye na hela naye anaingia, anauliza kama upo mkate wa askıda, anapewa, anaondoka. Kuna bibi mmoja huja na kitoroli chake cha sokoni, kile cha magurudumu mawili walichonacho wazee wote wa huku. Muuzaji hamwachi hata aulize. Akimwona mlangoni anachukua mkate, anauzungushia karatasi ileile anayowafungia wanaolipa, anamkabidhi kwa mikono miwili: "Buyur teyze", yaani karibu, mama mdogo. Ndivyo anavyowaita wanawake wote wa umri ule. Bibi anamuuliza hali ya mama yake, anamwombea dua, anatoka. Tuliopo kwenye foleni, ukiwa huna tabia ya kuchungulia mifuko ya watu, hujui nani kalipa na nani hakulipa.

Siku moja kijana mmoja, mgeni mtaani, alitoa simu apige picha kile kikapu na bibi yumo dukani. Muuzaji alinyoosha mkono juu ya kaunta akaifunika kamera kwa kiganja kilichojaa unga. Hakugomba wala hakupandisha sauti. Alisema neno moja, "Ayıp", yaani ni aibu hiyo, akaendelea kumhudumia aliyefuata. Kijana akairudisha simu mfukoni, akawa mwekundu mpaka masikioni.

Desturi hii ina mizizi mirefu. Kwenye maduka ya mitaani, ambayo huku wanayaita bakkal, watu hukopa na kuandikwa kwenye daftari kama kwetu tu. Tangu zama za Dola ya Uthmaniyya kuna jambo linaloitwa zimem defteri: ikifika Ramadhani, mwenye nacho anakwenda mtaa asikojulikana, anaingia dukani, anaomba daftari la madeni. Anasema zijumlishwe kurasa kadhaa za mwanzo, kadhaa za katikati na kadhaa za mwisho. Analipa, deni linafutwa, anatoka bila kusema yeye nani. Mama wa watu akija mwisho wa mwezi na vijisenti vyake kupunguza deni anaambiwa hadaiwi kitu. Hamjui aliyemlipia, na aliyelipa hatamjua maisha yake yote. Hata leo, Ramadhani hazipiti bila magazeti ya Uturuki kuandika habari za mtu asiyejulikana aliyewafutia watu madeni yao dukani.

Kulikuwa pia na mawe ya sadaka, sadaka taşı, na hapa Üsküdar lipo lililobaki. Ni nguzo ya jiwe, yenye kishimo juu. Mwenye hela ananyoosha mkono anatia, mwenye shida ananyoosha mkono anatoa kiasi cha haja yake. Anayepita njiani anauona mkono umepanda juu, basi, hajui umekwenda kutia au kutoa. Nilisimama mbele ya jiwe hilo muda mrefu siku ya kwanza nilipoonyeshwa. Kuna mtu aliketi akafikiria namna ya kumwezesha mwenzake asaidiwe pasipo hata mpita njia kujua, kisha akamwita fundi mawe.

Na wasiseme hayo ni mambo ya kale. Wakati wa korona, Mei 2020, manispaa ya jiji la Istanbul ilianzisha utaratibu wa kuwalipia watu ankara za maji na gesi kwenye mtandao. Mlipaji anaiona ankara na kiasi chake, jina la mwenye nyumba halioni. Mwaka uleule, msikiti mmoja wa Sarıyer, hapa hapa Istanbul, ulijaza vyakula kwenye rafu za viatu pale mlangoni, tambi, mafuta, unga, kwa ajili ya wahitaji.

Katika majumba ya wakubwa wa zamani, maskini aliyealikwa kufuturu alipewa na zawadi ya pesa juu yake, wakaiita kodi ya meno, eti meno yake yamefanya kazi ya kutafuna chakula cha mwenye nyumba. Yaani mwenye kulisha ndiye aliyejihesabu kuwa na deni! Na ikifika mwezi wa Muharram, jirani yangu wa chini ananigongea mlango na bakuli la aşure, ngano iliyochemshwa na dengu na maharage na matunda makavu, juu kamwaga punje za komamanga. Bakuli halirudi tupu, kama ilivyo pwani kwetu. Huyo jirani hajawahi kuniuliza kama nina shida, wala mimi sijajua kama anayo.

Sasa niambieni: watu waliolelewa hivi wakipanda ndege kuja Afrika, ayıp wanaiacha wapi? Yule yule ambaye angeona haya kumpiga picha teyze na mkate wake anampanga mtoto wa mvuvi juani na kumfundisha kushukuru kwa lugha asiyoijua. Kwanini bibi wa Üsküdar ana sitara na bibi yangu hana? Nimejaribu kutafuta jibu jingine, sijalipata. Mtu wa mbali, mweusi, wa kijijini, wamemwona kuwa ni uhitaji mtupu. Wamesahau kwamba ana jina, ana majirani, na ana binti ambaye kesho atakwenda shule na wenzake watamwonyesha ile video.

Najua watakachojibu, na nakubali kuna ukweli ndani yake. Waturuki wengi siku hizi huchinja kwa wakala. Mtu anatoa pesa Istanbul au Konya, mnyama anachinjwa Chad, Uganda au Tanzania, na anayetoa ana haki ya kujua kwamba amana yake imefika. Matapeli wapo, kwao na kwetu. Mnyama anachinjwa jina la mwenye kuchinjiwa likitajwa, na video inatumwa kwa wenyewe. Sawa. Na Qur'ani yenyewe imesema sadaka ikitolewa hadharani ni vema, ikifichwa wakapewa mafakiri ni bora zaidi. Hiyo ya hadharani siwakatazi. Lakini katika sura hiyohiyo ya Al-Baqara, kabla ya hapo, waumini wameambiwa wasiziharibu sadaka zao kwa masimbulizi na udhia. Kumrudisha mtoto mwanzo mara kwa mara mpaka atamke vizuri jina la nchi iliyomlisha, kama hayo si masimbulizi, basi ni nini?

Ushahidi wa ng'ombe ni ng'ombe. Ushahidi wa kisima ni maji yanayotoka.

Wapo na huku wanaopenda kujionyesha, sikatai. Maboksi ya Ramadhani yenye sura ya mwanasiasa yapo, na majirani zangu wakiyaona hukunja uso. Lakini hebu turudi kwenye tetemeko la tarehe 6 Februari 2023, lililoua zaidi ya watu 50,000 katika nchi hii peke yake. Usiku ule na siku zilizofuata, mtaa wetu ulibeba makoti, mablanketi na nepi mpaka malori yakakosa nafasi. Nchi nyingi zilileta misaada. Tuseme mmoja wetu angekwenda Hatay, mkoa uliopigwa vibaya na tetemeko, akamtoa mama kwenye hema, mama aliyezika watoto wake jana, akamvisha fulana ya bendera yetu na kumshikisha bango la kutushukuru kwa Kiswahili, kisha akamwambia acheke. Taifa zima lingesimama, na lingekuwa na haki ya kusimama. Basi nasi tunayo haki hiyo.

Lawama nyingine ni yetu, tena nzito. Anayewahesabia watoto kwa vidole katika ile video ni mtu wa kwetu. Fulana ziligawiwa na watu wetu. Mgeni hajui nyumba ya nani ina njaa, sisi tunajua, na tunajua pia njia ya kupeleka bila mtu kuona, kwa sababu tumelelewa hivyo hivyo. Tunaogopa kwamba tukisema hapana, mwakani nyama itakwenda kijiji kingine. Huenda ikaenda kweli. Nimeongea na bibi kwa simu kuhusu hilo, naye akaniambia yuko tayari kula dagaa siku ya Idi.

Nimewaandikia viongozi wa msikiti wetu kabla ya Idi ijayo. Wageni wakija wakaribishwe, wapewe chai na kivuli, wachinje, wasome majina, wapige picha wanyama kadiri wanavyotaka. Nyama ikishakatwa wakabidhiwe kina mama wanaozijua nyumba, waifunge kwenye vikapu vya kawaida na kuipeleka baada ya Isha, kila mlango peke yake. Watoto wabaki na nguo zao za Idi. Barua hiyohiyo nimeitafsiri kwa Kituruki na kuipeleka mkononi ofisi ya ile taasisi hapa Istanbul, na jina langu na la kijiji nimeandika.