Setilaiti na uwele wa Mvumi

Mvua ya kwanza ilipogusa vumbi msimu uliopita, shangazi yangu wa Mvumi, wilayani Chamwino, alipanda uwele wake wote. Likafuata jua la wiki mbili. Miche ikanyauka, akaenda kuomba mbegu kwa jirani, akapanda upya. Nikimsimulia kwamba kuna serikali zinazomwaga mabilioni kwenda mwezini huniuliza: "Ya hapa wameshayamaliza, mwanangu?"

Swali lake ni la haki, na historia inampa nguvu. Marekani ilikwenda mwezini ikishindana na Wasovieti. Mwaka 1966 NASA, shirika lake la anga, ilimeza zaidi ya asilimia 4 ya matumizi ya serikali kuu. Kilichofungua mfuko ni hofu ya makombora na kutaka jina, wala si njaa ya mtu yeyote.

Hata hivyo, India inanizuia kuishia hapo. Mwaka 1999 kimbunga kiliua watu wapatao 10,000 jimboni Odisha. Mwaka 2019 kimbunga Fani kikapiga pwani ileile, na waliokufa nchini humo hawakufika 100. Setilaiti zilikuwa zimekifuata tangu kikiwa baharini, watu zaidi ya milioni moja wakahamishwa mapema. Ila mtambo haukumbeba mtu: palikuwa na majengo ya kukimbilia, na watu wa kupita mlango kwa mlango.

Kenya ilirusha setilaiti yake, Taifa-1, Aprili 2023, na hapa Dodoma nasikia wanaosema tumechelewa kuwa na yetu. Wengine wanajibu kwamba picha za Landsat, setilaiti za Marekani, ni za bure, na za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, zinaonyesha shamba kwa vipande vya mita 10 kwa 10, basi ya nini kununua setilaiti? Hoja nzito, lakini haijakamilika. Picha za Landsat zilikuwa zikiuzwa hadi mwaka 2008. Uamuzi wa kuzigawa bure ulifanywa kwingine, na unaweza kubatilishwa kwingine. Nguo ya kuazima haistiri matako.

Kwa hiyo siipingi setilaiti yetu. Ninachopinga ni kuitanguliza. Fedha ya kwanza iende kwa vijana wa kuzisoma picha hizi, vipimo vya mvua vijijini, na mafuta ya pikipiki ya bwana shamba. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa mvua za msimu, Novemba hadi Aprili, kwa mikoa yetu. Shangazi anataka kujua jambo moja tu ndani yake: mvua hii iliyonyesha jana usiku ni ya kupandia, au ni ya kupita?