Farasi Asiyepewa Nafasi Machoni pa Wajuzi wa Mbio

Tarehe 1 Novemba 1938, katika uwanja wa Pimlico mjini Baltimore, farasi wawili tu walishindana: War Admiral, aliyekuwa ametwaa mataji yote matatu makuu ya Marekani mwaka uliotangulia, na Seabiscuit, ambaye wabashiri wengi hawakumpa nafasi. Seabiscuit alishinda kwa urefu wa farasi wanne. Filamu ya mwaka 2003 yenye jina lake iliufanya ushindi huo kuwa hadithi ya mnyonge, na swali ni kwa nini mpenzi wa mbio, anayemjua mshindi kabla hajaketi, huitazama kwa zaidi ya saa mbili bila kuchoka.

Wanaozitilia shaka filamu za aina hii wana hoja nzito. Huyo mnyonge alikuwa mjukuu wa Man o' War, farasi mwenye sifa kubwa mno nchini humo, ilhali War Admiral alikuwa mwana wa Man o' War. Kwa hiyo Seabiscuit alishindana na baba yake mdogo (tena mdogo kwelikweli, maana alizaliwa mwaka mmoja baada yake). Mmiliki wake, Charles Howard, alikuwa tajiri wa biashara ya magari huko California. Isitoshe, filamu ilimfanya War Admiral jitu, ingawa farasi hao walikaribiana kimo.

Mjuzi wa mbio, hata hivyo, huisamehe chumvi hiyo, kwa kuwa anachokitafuta ni mbio zenyewe. War Admiral alizoea kuchomoka mbele tangu mwanzo, hivyo mkufunzi Tom Smith alimzoeza Seabiscuit kuruka mara asikiapo kengele. Red Pollard, mpandaji wake wa kawaida aliyekuwa amevunjika mguu, alimpa rafiki yake George Woolf, aliyempanda farasi huyo siku hiyo badala yake, ushauri ulioonekana wa kichaa: akishatangulia, apunguze mwendo mpinzani amfikie, kwa sababu Seabiscuit hupandwa na mori akimwona mwenzake ubavuni. Woolf akafanya hivyo. Wakaenda bega kwa bega, kisha mmoja akaachwa. Mtazamaji wa kawaida huona ushujaa hapo, mjuzi huona hesabu, na nadhani raha ya mjuzi ndiyo inayodumu.

Hesabu hiyo hiyo, lakini, huwaumbua watunzi. Prince of Penzance, aliyeshinda Kombe la Melbourne nchini Australia mwaka 2015 kwa malipo ya 100 kwa 1 (aliyeweka dau la shilingi moja alipata faida ya mia) akiendeshwa na Michelle Payne, mwanamke wa kwanza kushinda mbio hizo, alipata filamu mwaka 2019. Farasi wa malipo kama hayo wanaomaliza mkiani kila mwaka hawatungiwi chochote.

Kasoro ninayoona vigumu kuisamehe ni nyingine. Pollard alikuwa kipofu wa jicho moja na alilificha jambo hilo, nayo filamu inalitumia kutufanya tumpende zaidi. Aliyewahi kusimama kando ya uzio akaona farasi kumi wakikata kona wamebanana atamfikiria pia mpandaji aliyekuwa upande wa jicho lile.