Ukisema "Kali", Umesema Nini?

Jumapili ya mwisho wa mwezi sisi wapenda picha wachache wa Tanga hukutana barazani kwa mwenzetu mmoja huko Ngamiani. Hakuna kati yetu anayekula kwa kamera. Yupo mwalimu wa hesabu aliyestaafu, yupo dada muuza vitenge, yupo kijana wa bodaboda ambaye simu yake imepasuka kioo na bado anatushinda, na mimi ninayeandika haya. Kahawa tunanunua kwa mzee wa kona. Kashata huleta aliyechelewa, ndiyo faini yake.

Kila mmoja huja na picha moja aliyoipiga mwezi huo, ile aipendayo kuliko zote, na lazima iwe imesafishwa kwenye karatasi. Hilo la karatasi lilileta ubishi. Vijana walitaka tuonyeshane kwenye simu, au tutumiane WhatsApp yaishe. Lakini WhatsApp huibana picha mpaka majani ya mnazi yanakuwa uji. Tangu 2023 kuna chaguo la HD, na ukituma kama dokumenti inafika nzima, sawa, ila nani anakumbuka? Halafu kwenye simu vidole havitulii. Picha haijakaa machoni nukta mbili, mtu keshasogeza nyingine. Karatasi ya inchi nne kwa sita inapita mkono kwa mkono, na kila anayeishika anaona aibu kuirudisha bila kusema neno.

Tatizo ni neno lenyewe. Kwa miezi mingi neno lilikuwa "kali". Picha ya kwanza kali, ya pili kali sana, ya tatu kali kinoma. Nilirudi nyumbani nimesifiwa na sijui nimesifiwa nini. Nikapendekeza neno hilo tulipige marufuku barazani, wakanicheka, wakakubali kwa kunihurumia. Mpaka leo nashikilia kwamba huo ndio uamuzi wa maana kuliko lenzi yoyote tuliyonunua. "Kali" ni kama kumwambia mpishi "asante, nimeshiba". Ni adabu njema, lakini hajui kama chumvi ilizidi.

Faida yake niliionja mwenyewe, tena kwa uchungu. Idi el-Fitri ya 2025 iliangukia mwishoni mwa Machi, na kwetu huku Machi na Oktoba jua hupita karibu kabisa na utosi. Baada ya chakula cha mchana nilimsimamisha mjomba uani, kanzu nyeupe inang'aa, kofia ya kazi ya mkono, ukuta nyuma yake umepakwa chokaa. Niliipenda picha ile kweli. Nikaipeleka barazani nikisubiri sifa. Dada wa vitenge akaishika, akaigeuza kwenye mwanga, akauliza, "Mjomba yuko wapi?"

Hakuwepo. Ilikuwapo kanzu, na juu ya kanzu doa jeusi lenye kofia.

Kamera haijui kanzu wala mjomba. Kipimo chake cha mwanga hukisia kwamba ukichanganya vyote vilivyo mbele yake utapata kijivu cha wastani. Ikikuta weupe umejaa, inaona mwanga umezidi, inapunguza, na anayelipa ni mwenye uso mweusi aliyesimama katikati ya weupe huo. Jua la utosini nalo likaongeza lake, macho yakawa mashimo mawili. Dawa yake nilipewa palepale na kijana wa bodaboda: gusa uso kwenye kioo cha simu, shikilia, kisha pandisha kile kialama cha jua mpaka uso utokee, na kanzu ikiungua kidogo kwa mwanga, ikabaki weupe mtupu, iache iungue. Bora zaidi, msogeze mzee kibarazani, kwenye kivuli kilichofunguka upande mmoja, umpige akiwa ameelekea uani. Mwalimu akaongeza historia. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak iligawa kwa wasafishaji kadi za kupimia rangi ya ngozi, na kwenye kadi zile alikuwa mwanamke mzungu. Zikaitwa kadi za Shirley. Kwa muda mrefu ngozi "sahihi" ilikuwa yake, na sisi wengine tulitoka tulivyotoka. Nikakumbuka picha zote za harusi za nyumbani ambamo bibi harusi anaonekana meno na shela.

Yote hayo kwa swali moja la maneno matatu. Wangesema "kali", ningeendelea kuwafuta wajomba zangu mpaka leo.

Mwezi wa Septemba ulinipa hoja nyingine. Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote, kuanzia saa 2:30 usiku mpaka karibu saa 3:52, dakika 82 nzima, na Jumapili ya mwisho tukajaa barazani watu kumi na mmoja. Saba wakaja na mwezi. Mwezi mkubwa, mwekundu kama dele la muuza kahawa, umezungukwa na giza tupu. Tulizipanga zote saba kwenye mkeka, na wenyewe wakaanza kugombania ipi ya nani.

Siwadharau. Mwezi uliopatwa hufifia mara maelfu kuliko mwezi mpevu, kwa hiyo lazima uiache kamera ikinywa mwanga nukta nzima au zaidi, na mwezi wenyewe haukungojei: kila dakika mbili unasogea upana wake mzima. Bila stendi imara unapata yai lililopasuka. Ni kazi. Lakini mwezi hutuonyesha uso uleule mmoja sote, wa Tanga, wa Maskati, wa Bujumbura. Ukikata kila kitu kilichouzunguka, umepiga picha ambayo jirani yako kaipiga, na wa Maskati kaipiga, na mwenye darubini kaipiga vizuri kuwazidi nyote.

Ya nane ilifichwa. Kijana mmoja mgeni alikuwa nayo kwenye bahasha, akasema yake imeharibika, mwezi umetoka mdogo. Tukamlazimisha. Ni juu ya paa la nyumba ya ghorofa moja, kuna tangi la maji, kuna kamba ya nguo na kanga mbili zimesahauliwa. Watoto watatu wametazama juu, midomo wazi. Mama yao hatazami juu. Anawatazama wao, na mwanga wa simu umempiga upande wa shavu. Mwezi upo, tone jekundu juu ya tangi, tena umetikisika kidogo. Mwalimu aliikalia picha ile dakika kumi. Tuliongea kanga, tukaongea kwa nini mama hakutazama juu, mtu akakumbuka kuamshwa usiku na bibi yake waende kumpigia mwezi masufuria. Zile saba tulizisahau mkekani, zikaloa kahawa.

Ninachodai ni hiki: picha ya kupenda haipimwi kwa ukali wake. Ipime kwa muda unaoweza kuikalia na watu wakaongea. Wapo wasiokubaliana nami. Mwalimu mwenyewe husema ninawatetea wavivu wa fokasi, kwamba kesho mtu atatikisa kamera makusudi aseme ni hisia. Ana hoja. Kutikisika kwa kijana yule hakukuwa sifa, na nilimwambia aende na stendi siku nyingine. Lakini nikilazimishwa kuchagua kati ya jicho na stendi, stendi huuzwa dukani.

Kuna jambo moja hatulijadili vya kutosha, nalo ni nani yumo pichani na kama anajua. Mwaka 2023 Kenya, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ila mimi sikwenda kumtafuta mvuvi niliyempiga picha kwa kuogopa sheria. Nilikwenda kwa sababu kijana wa bodaboda aliniuliza jina la yule mvuvi nikabaki nameza kahawa.

Ni picha yangu ya mwezi uliopita. Ngalawa inaingia asubuhi, mzee amesimama tezini, nyuma ya chombo, tanga limevimba upande mmoja na kukunjamana upande mwingine kama shuka linaloanuliwa, mwanga unapita ndani yake. Barazani waliikalia sana, na mtu mmoja akateleza akasema "kali", tukamtoza kashata. Nikasafisha nakala ya pili, nikaenda nayo pwani siku tatu mpaka nikampata.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Nikampa. Akafuta mkono kwenye msuli kwanza, ndipo akaishika. Akaitazama kimya. Akamwita mwenzake, wakaitazama wote wawili, mwenzake akaangua kicheko.

"Mwanangu," akaniambia, "hapa demani, kamba ya kuvutia tanga, ilikuwa imeniponyoka. Tanga halikai hivi. Umenipiga ninahangaika." Akaweka kucha yake ukingoni mwa karatasi, pale juu. "Na foromali mbona umeikata?"

Kweli nimeikata, ule mti wa juu unaobeba tanga umebaki nje ya picha. Watu wanane barazani hawakuliona hilo, na nami sikuliona. Picha ameichukua, ameiweka chini ya kofia isilowe, na ameniambia Jumamosi maji yakijaa alfajiri atapita palepale, tanga likiwa limefungwa kama inavyotakiwa.