Karama Zimekomea kwa Mwenye Maikrofoni

Ubishi kuhusu karama za Roho, kama kunena kwa lugha, unabii na uponyaji, kwamba zilikwisha na mitume au bado zipo, umetufikia huku magharibi mwa Kenya kupitia vijana. Kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wa Kisumu na Maseno, mmoja anatuma video ya mhubiri wa Marekani anayesema kunena kwa lugha kuliishia karne ya kwanza. Kabla hajaweka simu chini, mwingine ameshamjibu kwa sauti aliyorekodi kwenye kesha la Ijumaa, watu wakinena kwa lugha mpaka spika inakwaruza. Mimi niko upande wa wanaosema zipo. Nililelewa katika kanisa la Friends (Quakers) kule Vihiga, watu wasiopenda makelele, na bado naamini Mungu hajanyamaza. Hata hivyo, nikiwasikiliza hao vijana wanaosema zimekoma, naona hasira yao ina haki, na chanzo chake kiko kwenye mahema yetu wenyewe ya ibada kuliko kwenye video za Marekani.

Kwanza hoja yao, maana huwa inachekwa kabla haijasikilizwa. Wanasema miujiza ilikuwa muhuri wa mitume, na Waefeso 2:20 inasema kanisa limejengwa juu ya msingi wa mitume na manabii. Msingi huwekwa mara moja, kisha watu huendelea na kuta. B. B. Warfield, mwalimu wa Princeton, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 1918. Mwaka 2013 John MacArthur aliitisha mkutano mkubwa California kuyapinga makanisa ya karismatiki, yale yanayosema karama hizo bado zipo. Hoja ya msingi ni nzito, na sijasikia mhubiri wa hema akiigusa. Ile ya 1 Wakorintho 13, kwamba lugha zitakoma "ijapo ile iliyo kamili" na kwamba hiyo iliyo kamili ni Biblia, ni dhaifu. Mistari miwili mbele Paulo anazungumzia kuona uso kwa uso. Richard Gaffin, mmoja wa wasomi wao wakubwa, naye anakubali kwamba Paulo hapo anazungumzia kurudi kwa Kristo.

Historia ya kanisa nayo haimpi mtu ushindi rahisi. Yohana Krisostomo, mhubiri wa karne ya nne, alikiri kwamba maneno ya Paulo juu ya karama yalikuwa fumbo kwake kwa sababu mambo hayo hayakuwa yakitokea tena. Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, mwanzoni alifikiri vivyo hivyo, kisha uzeeni akaandika katika Mji wa Mungu orodha ndefu ya watu walioponywa Hippo na Karthago, baadhi akiwajua mwenyewe.

Lakini mtu wa Vihiga, Kakamega au Siaya hahitaji kwenda Hippo. Ubishi huu tuliupigana hapa nyumbani zamani, na kuna waliofukuzwa makanisani kwa ajili yake.

Wamisionari wa Friends walifika Kaimosi mwaka 1902: Hotchkiss, Hole na Chilson. Mwaka 1927 Arthur Chilson huyohuyo alihubiri juu ya Roho Mtakatifu, na watu wakaanza kulia, kutetemeka, kuungama hadharani na kunena kwa lugha. Misheni ilishtuka. Wenzake Chilson pamoja na wazee wa kanisa walikataza mambo hayo, na walioyashikilia wakajikuta nje. Humo ndimo lilimotoka kanisa la African Church of the Holy Spirit. Sasa fikiria: Friends ni watu wa George Fox, waliocheka kanisa la serikali la Uingereza katika karne ya kumi na saba wakisema Roho anaweza kumwinua yeyote katika kusanyiko aseme, hata mwanamke, hata mtu asiye na elimu. Waluhya wa Kaimosi waliposema ndiyo, basi sisi hapa ametuinua, wakaambiwa wakae kimya.

Kule Nyang'ori, si mbali na hapo, Wapentekoste wa Kanada walikuwa wameshika misheni tangu 1924 na kunena kwa lugha kulifundishwa bila shida. Hata huko mambo hayakutulia. Daudi Zakayo Kivuli alitoka mwaka 1942 akaanzisha African Israel Church Nineveh, wale wa kanzu nyeupe na vilemba tunaopishana nao Jumapili kwenye barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, bendera mbele, ngoma nyuma. Upande wa Wajaluo, Alfayo Odongo Mango, shemasi wa Kianglikana aliyeongoza watu wa Roho, aliuawa Musanda mwaka 1934 pamoja na wafuasi wake, na nyumba ikateketezwa. Ugomvi wa ardhi na Wawanga, Waluhya wa eneo hilo, ulikuwa umechanganyika humo. Na Wasabato, waliofika Gendia mwaka 1906, hadi leo hawana subira na kunena kwa lugha, ilhali wanaamini kwamba karama ya unabii ilionekana kwa Ellen White, mmoja wa waanzilishi wa kanisa lao, aliyefariki 1915. (Jirani yangu Msabato hukasirika nikisema hivyo, lakini imani ya kanisa lake imeandikwa.)

Nikiangalia hayo yote, naona kilichowatisha wakubwa wa Kaimosi hakikuwa makelele peke yake. Karama ilikuwa imewashukia watu ambao misheni haikuwatuma: mpishi, mkulima, msichana asiyejua kusoma. Mtu akiinuka na kusema "Bwana amenionyesha", huwezi kumwambia asubiri barua ya ofisi. Kwa maoni yangu huo ndio uliokuwa moyo wa ubishi wetu, na ndiyo sababu makanisa ya leo yananishangaza.

Nenda kwenye hema lolote kubwa la Kisumu usiku wa kesha. Mimi nilikaa safu za nyuma katika moja upande wa Kondele. Bango lililokuwa mbele lilikuwa na picha ya nabii ikichukua nusu ya nafasi, na chini yake namba ya till ya M-Pesa kwa ajili ya "mbegu", yaani sadaka ya kutarajia baraka. Nabii alishika maikrofoni kuanzia saa nne usiku, mkalimani wa Kijaluo akimkimbilia kila sentensi. Kufikia saa saba akasema, "Kuna mtu hapa anaitwa Akinyi. Mgongo wako una shida." Hema likalipuka. Kisumu! Wasichana wote waliozaliwa asubuhi wanaitwa Akinyi, na mwanamke gani aliyebeba maji na beseni la omena maisha yake yote hana mgongo unaomuuma? Akina Akinyi walisimama kila pembe. Nabii akachagua mmoja.

Ila hilo silo lililonikaa moyoni. Muda mfupi baadaye mama mmoja aliyekuwa karibu nami, mtu mzima, leso kichwani, aliinua mkono akasema kwa sauti ya kawaida kwamba naye ana neno kwa kanisa. Mhudumu wa hema, kijana wa umri wa mwanawe, alimfikia upesi, akamwekea mkono begani: "Mama, keti kwanza. Mtumishi anahudumu." Mama akaketi. Neno lake hatukulisikia.

Kuna aya ya Paulo ambayo sijawahi kuisikia ikihubiriwa katika mahema hayo, nayo iko kwenye sura ileile ya 1 Wakorintho 14 wanayoipenda. Manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue. Kisha anaongeza kwamba mwingine aliyeketi akifunuliwa neno, yule wa kwanza na anyamaze. Mwenye maikrofoni anyamaze, mama aliyeketi aseme, na waliobaki wapime walichosikia. Kanisa linaloamini karama linafaa kufanana na hivyo. Tulicho nacho ni mtu mmoja anayetabiri, anayefasiri, anayeponya na anayekusanya sadaka, na wengine wote wamebaki na karama moja ya kusema amina. Ukiuliza swali unapigwa na Zaburi 105: msiwaguse masihi wangu. Zaburi hiyo inawazungumzia Abrahamu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni wachache wasio na mtetezi katika nchi za watu, wakati huyu wetu ana walinzi mlangoni.

Kwa hiyo nikiulizwa ni nani waliozikomesha karama magharibi mwa Kenya, siwezi kumtaja Warfield. Yeye aliandika kitabu tu.

Mpwa wangu anayesoma Maseno alihama kanisa la aina hiyo. Alitabiriwa viza ya Kanada, akatoa mbegu kutoka pesa za karo, na viza haikuja. Nabii akasema imani ilikuwa haba. Sasa anasema karama zote zilikufa na mtume Yohana. Siku moja alinibana: "Anko, kama uponyaji bado upo, si mwende pale hospitali ya Jaramogi mtoe watu wodini?" Nilimwambia asome Yohana 5. Kwenye birika la Bethzatha walilala wagonjwa wengi, na Yesu mwenyewe alimponya mmoja. Na Paulo, ambaye leso zake ziliponya watu Efeso, alimwacha Trofimo mgonjwa Mileto na kumshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Uponyaji haukuwahi kuwa huduma ya kuagizwa kwa saa. Hakushawishika, na simlaumu. Karo yake haijarudi.

Hapa nakuwa mkali kidogo. Nyanza ndiko VVU vimeenea zaidi nchini, na watu wengi wako hai leo kwa sababu ya vidonge wanavyomeza kila siku kwa saa ileile. Mhubiri anayemwambia mgonjwa kama huyo aache dawa ili kuonyesha imani simwiti mwenye karama wala mwenye makosa madogo ya kitheolojia. Anaua. Baada ya Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 ya waumini walioambiwa wafunge hadi kufa ilifukuliwa msituni, sioni kwa nini bado tunaona haya kusema hivyo kwa sauti. Serikali inazungumzia kusajili na kuchunguza makanisa, na wachungaji wanalalamika. Kupambanua ilikuwa kazi yetu. Tulipoiacha, polisi wakaikuta chini.

Ninalopendekeza ni dogo, na halihitaji sheria ya bunge. Makanisa yetu huandika kila kitu: nani ametoa mabati, nani anadaiwa ahadi ya harambee, mazishi ya nani yana kamati ipi. Unabii nao uingizwe katika daftari hilo la katibu. Tarehe, jina la aliyetabiri, maneno yake kama alivyoyasema, na kama kulikuwa na sadaka iliyoombwa papo hapo. Mwisho wa mwaka yasomwe mbele ya kanisa, kama hesabu ya fedha inavyosomwa. Kumbukumbu la Torati 18 inatoa kipimo chepesi kabisa: lisipotokea, Bwana hakulinena. Neno la mama wa leso nalo liandikwe na kusomwa kwa namna ileile, bila kupunguzwa kwa sababu hana bango.

Nilimweleza pasta mmoja wazo hili, rafiki yangu wa miaka mingi pale Nakuru. Alicheka, kisha akawa mzito. Alisema likipita, watu wataogopa kutabiri. Nilimuuliza ni watu gani hao, maana wale wakongwe wa Nineveh ninaowajua husimulia ndoto zao mbele ya wazee na kuambiwa wazi, "hii si ya Bwana, umekula vibaya," na Jumapili ijayo wanarudi na nyingine. Akasema anawazungumzia manabii wageni wanaoalikwa kwenye semina. Basi hao waogope tu.