Neno Lililotoka Kwanza

Mtu aliyepuliza rangi nyeusi mbele ya jengo letu la ghorofa, usiku wa kuamkia mkutano mkuu wa wapangaji, hakuwa adui wa mwenyekiti. Alikuwa mpambe wake, tena mwenye mapenzi yaliyopindukia, kwa maana aliandika kwa herufi kubwa: MWENYEKITI WETU SI MWIZI! Maneno mawili ya kwanza yalienea kwenye ukuta wa matofali, SI ikaangukia kioo cha dirisha, MWIZI ikatanda kwenye mlango wa chuma, na alama ya mshangao, kwa kukosa nafasi, ikaishia kwenye kifuniko cha plastiki cha taa ya nje.

Mwenyekiti alilitazama andiko hilo kwa muda mrefu, akasema kwamba mtu ambaye hajashtakiwa hana haja ya kutetewa, kisha akaniagiza mimi, katibu wake, pamoja na mweka hazina, tulifute kabla ya jioni. “Anzeni na kile kinachotoka haraka,” alisisitiza, “ili wapangaji wakipita waone kazi inasonga.” Akaenda zake kuandaa hotuba.

Kinachotoka haraka ni kioo. Kioo hakina vitundu vya kunywa rangi, kwa hiyo rangi hukaa juu yake tu, na ukikilowesha kwa maji ya sabuni na kupitisha wembe mpya ulioulaza vizuri, rangi hubanduka yenyewe vipande vipande. Tulimaliza mapema, tukarudi nyuma hatua chache ili tujipongeze, na hapo ndipo mweka hazina alipoisoma sentensi iliyobaki kwa sauti ya chini, akanitazama, akaisoma tena. Wapangaji waliokuwa wakipita waliona kwamba kazi inasonga.

Tofali lina tabia nyingine kabisa. Vitundu vyake huimeza rangi, na ukilipaka thina bila mpango, rangi huyeyuka na kuzama ndani zaidi. Njia ya uhakika ni kupaka dawa nzito ya kuondolea rangi, kuifunika kwa karatasi ya nailoni ili isikauke, na kuiacha kwa saa nyingi, pengine usiku kucha, jambo ambalo mweka hazina alilieleza kwa ufasaha mkubwa huku saa ya mkutano ikikaribia. Mwenyekiti, ambaye alikuwa ameshuka baada ya kupigiwa simu na watu watatu wa kumpa pole, hakutaka kusikia habari za usiku kucha. Alileta mashine ya maji ya presha, akaishika mwenyewe, akaifuata kila herufi kwa uangalifu wa mwalimu anayesahihisha mwandiko. Rangi nyingi ilitoka, nakiri hilo. Vumbi na masizi ya miaka mingi yalitoka pia, lakini pale tu maji yalipopita, hivyo MWENYEKITI WETU, maneno yaliyokuwa meusi juu ya tofali chafu, sasa yakawa mekundu safi, yakisomeka hata ng'ambo ya barabara.

Mlango ulikuwa umepakwa rangi ya kijani, na thina haijui kutofautisha rangi ya mwenye mlango na rangi ya mhalifu. Mwenye subira hujaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana, na akiona kijani kinakuja na kitambaa, husita. Mwenyekiti alikuwa ameimaliza subira yake kwenye matofali. Alisugua M, akasugua W, na alipofika mwisho wa neno, rangi nyeusi ilikuwa imekwisha, na ya kijani chini yake imekwisha pia, na MWIZI ikabaki kwa chuma kitupu kinachometameta. Kwa kitambaa hichohicho aliipangusa alama ya mshangao. Zipo plastiki ambazo thina huzilainisha na kuzitia ukungu mweupe, na kifuniko cha taa yetu kilikuwa cha jamii hiyo. Taa ilipowashwa, alama ya mshangao iliwaka.

Mwenyekiti akanivuta pembeni, na kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kikaoni, akaniambia, “Katibu, mwanangu, lile neno dogo hebu lirudishe.” Kopo la rangi ya kupuliza lilipatikana kwa haraka iliyonishangaza, nami nikapanda ngazi.

Nilikuwa nimemaliza S wapangaji walipowasili, wakiongozwa na mgombea aliyekuwa akimpinga mwenyekiti. Alisoma ukuta taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, akanitazama nilivyosimama juu na kopo mkononi, akauliza kama siku hizi kamati inaandika taarifa zake za mwaka ukutani.

Mwenyekiti alimjibu kwamba taarifa ilikuwa bado haijakamilika, imebaki herufi moja.